Kabla hujailaumu GPS, tazama saa ya kamera yako

Juzi dada mmoja wa Tabata aliniandikia: "Kaka, nilikwenda Bagamoyo, nikarekodi njia yangu yote kwa simu, picha nikapiga kwa kamera. Nikiziunganisha, picha za magofu ya Kaole zinakwenda kukaa soko la samaki. Simu yangu ni mbovu?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Hayo ndiyo yaliyonipata mimi mwaka jana, na yalinikosesha kazi.

Kwa anayeanza, nieleze kwa kifupi. Kamera nyingi hazina GPS ndani yake, kwa hiyo unawasha programu kwenye simu, mfano OsmAnd, inarekodi ulipo kila baada ya sekunde chache. Ukirudi nyumbani unatoa faili la GPX, na kila nukta ndani ya faili hilo ina latitudo, longitudo na saa. Picha nayo ina saa iliyopigwa. Programu ya kompyuta inaichukua saa ya picha, inatafuta wakati huo ulikuwa wapi, inaandika mahali hapo ndani ya picha. Mimi natumia ExifTool, ni ya bure. Asiyependa kuandika amri atumie digiKam. Kinachoziunganisha picha na njia ni saa peke yake. Shika hilo.

Sasa yangu. Nilipata kazi ya kupiga picha mitaro iliyoziba kwenye bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kuanzia Jangwani hadi Vingunguti. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza yenye mkataba wa maandishi, na mama alikuwa ameshawaambia majirani. Walionipa kazi walitaka kila picha ioneshe mahali pake hasa, na walikuwa na haki. Maji yanayoshuka kutoka vilima vya Pugu hupita bondeni humo kabla ya kufika baharini pale daraja la Selander. Mtaro mmoja ukiziba, kuna watu wataamka godoro linaelea.

Nilijiandaa vizuri: pawabenki, mabuti ya mvua, simu imejaa chaji. Ila kamera yangu, niliyoinunua Kariakoo ikiwa imetumika, ilikuwa imepoteza saa. Nilipoiwasha asubuhi ile ikanitaka niweke tarehe na saa, nami nipo nyuma ya bodaboda. Nikamuuliza dereva, "Saa ngapi, bro?" Akanijibu, "Saa moja kamili." Nikaandika 01:00.

Umeona? Saa moja yetu ya asubuhi, kwa kamera ni 07:00. Sikuona siku ile, na siku nzima nilipiga picha 412.

Jioni nikaunganisha. Picha za asubuhi zikakosa mahali, maana kwa saa ya kamera zilipigwa kabla sijaanza kurekodi. Za mchana zikakubali zote. Nikaamini kwamba simu ilipoteza satelaiti asubuhi, nikazipanga zile zilizokosa kwa kumbukumbu, nikatuma. Zile zilizokubali sikuzifungua kwenye ramani hata moja. Kumbe mtaro nilioupiga Vingunguti saa nane mchana, kamera iliuandikia 08:00, na saa mbili asubuhi mimi nilikuwa bado Jangwani. Kwenye ramani ukakaa Jangwani.

Kikaoni mratibu alizifungua picha mbele ya watu, na mjumbe mmoja wa Jangwani alikuwepo. Mjumbe akasema, "Huu mtaro si wa kwetu." Ikafunguliwa nyingine. "Huu nao si wa kwetu." Mratibu akanigeukia: "Kijana, si ungesema tu kwamba hukwenda?"

Nilikwenda. Nilitembea bonde lile mpaka miguu ikatoka malengelenge. Pesa iliyobaki sikulipwa, na simu yangu hawakuipigia tena. Hilo la pesa nimeshalisamehe, lakini neno lile bado linanichoma.

Wiki iliyofuata nilikaa nalo usiku mpaka nikalijua kosa. Nikaziongezea picha zote masaa sita. Zikasogea, lakini hazikutulia: picha niliyoipiga nimesimama katikati ya daraja la miguu ikaanguka mbali na daraja. Nikatafuta kwenye njia iliyorekodiwa nilivuka daraja lile saa ngapi, nikalinganisha na saa ya picha. Dakika nne. Dereva wangu alikuwa amekadiria tu. Kwa mwendo wa miguu wa kilomita 5 kwa saa, dakika nne ni zaidi ya mita 330. Ukiwa kwenye boda inayokwenda kilomita 40 kwa saa, dakika moja tu ni zaidi ya mita 600. Nikaongeza dakika nne, na picha zote zikatulia mahali pake, mtaro kwa mtaro. Nilikuwa peke yangu, hapakuwa na wa kumwonesha.

Tangu hapo picha yangu ya kwanza kila siku ya kazi ni kioo cha simu kikionesha saa mpaka sekunde, na ya mwisho vilevile. Tofauti kati ya saa ya simu na saa ya kamera ndiyo ninayoipa programu. Simu naizuia isiizime programu ya kurekodi kwa kisingizio cha kutunza chaji. Kariakoo, katikati ya maghorofa, mawimbi ya satelaiti hugonga kuta na njia ikaruka mtaa wa pili, kwa hiyo hapo naandika na jina la mtaa kwenye daftari. Jumamosi iliyopita nimekabidhi picha 260 kwa mteja mwingine, na hakuna hata moja iliyorudishwa.

Vijana wenzangu, tunakimbilia lenzi mpya na saa tunaiacha iende inavyotaka. Tangu mradi wa Ramani Huria uanze mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wa jiji hili wamepita vichochoro kwa miguu kuchora ramani za maeneo ya mafuriko. Mahali pa uongo kwenye kazi ya namna hiyo panampeleka mtu wa koleo kwenye mtaro usio na shida. Rekebisha saa. Halafu fungua ramani uhakikishe. Nasema tena, fungua ramani.

Dada wa Tabata, simu yako ni nzima. Umeniambia Kaole ulikuwa saa nne asubuhi na sokoni ulikula samaki saa saba mchana: hapo katikati ni masaa matatu kamili. Faili la GPX huandika majira ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa masaa matatu. ExifTool isipoambiwa vingine, huamini kwamba saa ya picha ni ya majira yaliyowekwa kwenye kompyuta, na laptopu yako, ulivyosema, ilitoka Ulaya ikiwa imetumika, na yaelekea majira yake bado ni ya UTC. Weka majira ya Dar es Salaam, yaani UTC+3, uunganishe upya. Kisha tafuta picha ya magofu ya msikiti, utazame kwenye ramani imekaa wapi, ndipo uniandikie.