Muulize Shangazi: "Tumepanga vyumba viwili, tutapewa mtoto wa kulea?"

*Shangazi shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihonda, Morogoro. Mume wangu ni dereva wa lori, na wanetu wawili wameshajitegemea. Hivi karibuni dada mmoja aliyepanga jirani aliondoka usiku akaacha binti yake wa kama miaka 2. Mwenyekiti wa mtaa alimpeleka polisi, sasa yuko kwenye kituo cha kulelea watoto. Nataka kumchukua. Mume wangu anasema serikali haiwapi watoto wapangaji, na mama mtu akirudi tutaitwa wezi. Mama mkwe naye kasikia kuna hela ya kila mwezi kutoka serikalini, anauliza tunasubiri nini. Nani yuko sahihi? – Mama Cherehani*

Marahaba mama. Nianze na mama mkwe maana jibu lake ni fupi: hela hiyo haipo. Huku Tanzania Bara mlezi wa kambo, yaani anayelea kwa kibali mtoto asiye wake wala wa ndugu yake, halipwi posho. Chakula, nguo, dawa na daftari ni vyako wewe na mumeo. Kama hesabu zenu zilikuwa zinaitegemea hiyo hela, kaeni kwanza muhesabu upya.

Mume wako ana hofu ya maana, ila dawa yake anayo mkononi. Anayeitwa mwizi wa mtoto ni yule aliyemwokota, akamwogesha, akakaa naye kimya. Nilipokuwa afisa ustawi wa jamii nimewaona wengi, watu wema kabisa, wanakuja ofisini siku mtoto anaandikishwa shule kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa wala hawawezi kueleza walimpata wapi. Wenu ameshapita polisi, jalada lipo. Mwenyekiti wenu alifanya kazi nzuri, mpelekeeni shukrani.

Sasa usiende kituoni kumwomba. Msimamizi wa kituo hana mamlaka ya kukupa mtoto, hata kama mnasali kanisa moja. Na mtu yeyote akikwambia utoe "ya kuharakisha", ondoka ukamseme. Nenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Manispaa. Utaandika barua kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, ipitie kwa afisa wa hapo. Beba kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa na barua ya serikali ya mtaa. Wakitaka kingine watakwambia. Mambo haya yako kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni za malezi ya kambo za 2012.

Halafu afisa atakuja nyumbani. Hapa ndipo watu wanapohangaika bure: wanaazima makochi, wanapaka rangi. Mimi sikuwahi kumkataa mtu kwa sababu amepanga. Nilichotaka kujua ni mtoto atalala wapi na nani, choo mnachangia na watu gani, na wewe ukienda mjini kununua vitambaa, baba yuko safarini, anabaki na nani. Ukinijibu "jirani tu", nitataka kumwona huyo jirani. Nilikuwa pia naomba kuzungumza na mume peke yake. Mwanamume anayekubali ili mkewe aache kulia hujulikana mapema, na ripoti huandikwa hivyo hivyo. Kwa hiyo, mama, kabla ya barua, mngoje dereva wako arudi safari, apumzike, ndipo muongee mpaka muelewane.

Nalo hili mliongee wote wawili: kazi ya kwanza ya ustawi ni kumtafuta mama wa mtoto na ndugu zake, na mtoto akiwa kwenu wataendelea kutafuta. Anaweza kutokea bibi yake Ifakara, mtu mzima mwenye akili zake na shamba la mpunga, anamtaka mjukuu. Akionekana anafaa, binti ataondoka, na wewe utakuwa umeshamsuka nywele mwaka mzima. Inauma sana. Nimeona walezi wakifunga mlango wasitake hata kuaga. Lakini kama moyo wako unataka mtoto wa moja kwa moja, asiyerudi kwao, hilo ni jambo la kuasili, na amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Malezi ya kambo hayampi mtoto ukoo wenu wala urithi. Mwambie afisa ukweli tangu mwanzo unataka kipi.

Msaada upo, ila haukufuati nyumbani. Kwa sera ya afya, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Dawa zikikosekana utanunua, tusidanganyane. Ada ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Sare na michango inabaki juu yako. Cheti cha kuzaliwa mwombe afisa akuandikie barua ya kupeleka RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. TASAF, ule mfuko wa serikali wa ruzuku, ni ya kaya maskini zinazopitishwa kwenye mkutano wa mtaa, haiji kwa sababu umechukua mtoto. Na ukiona mtoto anashtuka usiku, hataki kula, haongei, rudi kwa afisa huyo huyo, au piga 116, simu ya watoto, ni bure.

*Shangazi, mimi ni mwalimu Tukuyu, sijaoa. Dada yangu alifariki, nakaa na mwanawe wa miaka 9. Nahitaji kibali cha kambo? – Mjomba*

Pole kwa msiba, mwanangu. Hapana. Malezi ya kambo ni ya mlezi asiye ndugu, wewe ni mjomba. Ila tafuta cheti cha kifo cha dada na cha kuzaliwa cha mtoto, viweke pamoja. Kama dada aliacha kiwanja, au mafao kwenye mfuko wa pensheni, NSSF au PSSSF, ukoo ukae uteue msimamizi wa mirathi na mkathibitishe Mahakama ya Mwanzo. Kikao hicho na wewe uwepo, usitume mtu.