Koki ya chini ya tangi inatona? Kwanza jua maji yanaanzia wapi

Dada, swali lako limenikumbusha mbali. Umesema tangi lako la lita 2,000 limekaa juu ya nguzo za zege, koki ya kutolea uchafu inatona usiku na mchana, umeshabadilisha koki 2 na ukuta umeota kijani. Mie nilibadilisha 3. Kwa hiyo nakujibu kama mwenzako niliyekula hasara kubwa zaidi, si kama fundi.

Nyumba yangu ipo upande wa Chukwani, hapa Unguja. Maji ya bomba kwetu huja usiku, unajaza, mchana unatumia. Jioni moja nikatega ndoo ya lita 20 chini ya koki, na kabla ya adhana ya alfajiri imejaa. Nikaenda sokoni Darajani, nikanunua koki ya shaba, nikafunga. Ikatona. Nikanunua nyingine ya bei, ikatona. Ya tatu nikamwita kijana mmoja wa mtaani, akaikaza kwa paipu renchi mpaka ikalia, ikatona zaidi.

Iddi ile mkwe wangu akaja kututazama kutoka Wete, Pemba. Mzee hana elimu ya mabomba, ila ana subira. Akapanda kiti, akafuta bomba zima kwa kanga kuukuu, kisha akapitisha kidole taratibu kutoka tangini kuja chini. Akashuka akaniambia, "Mwanangu, unamwadhibu asiye na kosa." Maji yalikuwa yakitokea juu, pale bomba linapoingia tangini, yanateremka kwa nyuma ya bomba ambako huoni, yanafika kwenye koki kwa kuwa ndiyo iliyo chini, ndipo yanadondoka. Koki zangu zote 3 zilikuwa nzima. Mbili bado ninazo.

Basi na wewe anza hapo. Futa kila kiungo mpaka pakauke kabisa, kisha zungushia tishu kavu kila kiungo, kuanzia tangini kushuka. Kaa pembeni unywe chai. Tishu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo yenye ugonjwa, za chini yake zinapokea tu.

Ikiwa kweli ni koki, na maji yanatoka mdomoni nayo imefungwa, hapo pana maneno. Maji yetu ya Unguja mengi yanatoka chini ya mawe ya matumbawe, na yanabeba chokaa. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika ndio huo huo. Ongeza mchanga, kutu za mabomba na, kwa wanaovuna mvua, vumbi la bati. Vyote vinazama, na koki ya kutolea uchafu ndiyo inayokaa chini kuliko zote. Sisi nayo hatuigusi mwaka mzima. Siku ukiifungua na kuifunga, chembe inabanwa katikati na koki haikai sawa tena. Watu wengi hapo huongeza nguvu. Usifanye hivo. Ikiwa ni ile ya gurudumu, geti valvu, utakata mti wake, ile fimbo inayoshika gurudumu. Ikiwa ni ya mkono wa kugeuza robo duara, ile chembe itachana pete nyeupe za kuzibia zilizo ndani, na hiyo haitengenezeki kwa zana zetu.

Fungua yote, iache itapike nusu ndoo kwa kasi, funga polepole. Rudia mara 3 au 4. Mara nyingi chembe huondoka yenyewe na kazi imekwisha, hujatoa hata shilingi. Ikishindikana, ing'oe (namna ya kuzuia maji naieleza mbele) uitie kwenye siki usiku kucha, chokaa huyeyuka. Ndimu pia inafaa, ila kwangu ndimu za kula zimepigwa marufuku kwenye mabomba, na aliyepiga marufuku si mie.

Maji yakitokea shingoni, chini ya gurudumu, koki haina kosa kubwa. Ipo nati ndogo pale: ikaze robo mzunguko tu. Ikigoma, ndani yake uzi wa kuzibia umekwisha. Toa wa zamani, zungusha mpya, rudisha.

Yakitokea kwenye tredi, zile nyuzi za kukazia koki na bomba, angalia kama shaba imeingizwa ndani ya plastiki. Ukikaza shaba, plastiki inapasuka ufa mwembamba kama unywele, na hakuna tepu itakayouziba. Badilisha kile kipande cha plastiki. Na ile tepu nyeupe ya kuzibia tredi uizungushe kufuata mkono wa saa ukiwa umeielekezea macho ncha ya tredi. Ukienda kinyume, unapokaza inajikunja na kutoka yote. Koki yangu ya kwanza niliifunga hivo hivo kinyume.

Na ikiwa ni kwenye tundu la tangi, kama kwangu, ni mpira. Wangu ulikuwa umekauka, ukivunja unakatika kama biskuti. Unakaa ndani ya tangi, baina ya kichwa cha kiungo na ukuta wa tangi, na nati inakazwa nje kwa mkono, kisha kidogo tu kwa spana.

Utauliza habari ya kumwaga tani 2 za maji. Kwa mpira wa tundu huna ujanja, subiri tangi likaribie kwisha. Lakini kwa kubadilisha koki peke yake, okota kidaka cha nazi kikubwa kuliko tundu, kifunge tambara na kamba ndefu, kisha kiingize kwa juu mpaka kikae kwenye tundu. Uzito wa maji wenyewe unakibana. Ukimaliza, vuta kamba. Kidaka kikavu kikatae, kina nyufa.

Shemeji yangu aliyeko Kanada ana trela ya kulala, zile za kukokotwa na gari, nayo ina koki kama hizi chini kabisa. Wao humwaga maji yote kabla ya baridi, maana yakiganda hupasua mabomba. Yeye akishafunga koki huongeza kizibo cha tredi mdomoni. Nimemuiga, na hata chembe ikibanwa tena, maji hayana pa kutokea. Lakini kizibo hakisaidii kitu ikiwa uvujaji upo juu yake, na usikikaze hata mwanao ashindwe kukifungua, kwani kila mwezi utatakiwa ukitoe umwage tope.

Fanya ile ya tishu kesho asubuhi, kisha tuletee picha ya kiungo kilicholowa mwanzo. Ya ukuta tumeshaiona.