Utalala Wapi Mlima Kenya? Nisikilize Mimi Niliyeshindwa Kwanza

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, Desemba tunapanda Mlima Kenya, huko juu kuna hoteli gani nzuri?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka mitatu iliyopita mimi pia niliuliza hivyo hivyo.

Hoteli uiache Nanyuki. Ukishapita lango la Sirimon ni kibanda au hema lako. Kwanza Old Moses, mita 3,300, halafu Shipton's, mita 4,200, vilele vikiwa vimekuinamia. Ni mabweni tu: vitanda vya dabodeka, meza ndefu, na baridi ambayo ukuta hauizuii.

Safari ya kwanza nilikuwa na haraka. Alfajiri Nairobi, usiku Old Moses, kesho yake Shipton's. Nilifika kichwa kinapasuka. Nikaweka mfuko wa mkate kwenye jiwe nifungue viatu. Pimbi akachomoka, akauburuta huku ananitazama usoni. Hata nguvu ya kumfukuza sikuwa nayo. Saa tisa usiku wenzangu wakawasha tochi kwenda kilele cha Lenana, nami nikabaki nimejikunyata nikisikiliza viatu vyao vikikwaruza changarawe hadi sauti ikapotea. Walirudi na picha, wakazimwaga kwenye kundi letu la WhatsApp. Mmoja akaandika, "Pole mgonjwa." Bado inaniuma, sitawadanganya.

Mwezi uliopita nikarudi. Nililala Old Moses siku mbili mfululizo; mchana wa katikati nikapanda kidogo, nikashuka kulala, ili mwili uzoee hewa ya juu. Wapagazi husema hivyo kila siku, ila sisi watu wa mjini tunajua kuliko wao. Nikafika Lenana, mita 4,985, jua linachomoza. Picha nikaituma kwenye kundi lile lile. Kimya.

Sasa ndugu zangu, tuache ubahili wa kuokoa pesa ya usiku mmoja. Tunanunua viatu vya bei mbaya, halafu tunaukimbiza mlima kama basi la mwisho! Laleni Old Moses mara mbili. Desemba vibanda hujaa, wekeni nafasi mapema. Narudia, mara mbili. Na kichwa kikizidi kuuma mkiwa Shipton's, shukeni, msione haya. Mimi niliona haya, nikakesha pale natapika.

Mkate nao uingie ndani ya begi, zipu ifungwe.