Mtoto mwenye usonji ataishi na nani ukubwani?

Wazazi wenzangu wa hapa Newala huniuliza kama mwanangu atapona, na jibu langu ni kwamba usonji si ugonjwa wenye dawa, bali ni namna ubongo wake ulivyokua, naye atazeeka nao. Tumaini nililonalo kwake ni la aina nyingine: akiwa mtu mzima awe na kazi anayoiweza, pamoja na watu wanaomjua na wasiomshangaa.

Kwamba jambo hilo linawezekana tumeliona kwa Donald Triplett wa Marekani, mtoto wa kwanza kuelezwa katika makala ya daktari Leo Kanner ya mwaka 1943 kuhusu usonji. Alikulia katika mji mdogo wa Forest, Mississippi, akasoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi benki na kuendesha gari lake mwenyewe, akafariki mwaka 2023. Familia yake ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko yetu, hilo nakiri, lakini watu wa mji ule walimzoea, na mazoea hayauzwi dukani.

Ushauri wangu wa kwanza ni kutazama kile ambacho mtoto hukifanya bila kutumwa. Wangu huketi kwenye turubai uani msimu wa korosho, mabibo yakishatenganishwa, akachambua zilizosinyaa na zenye madoa kwa utulivu ambao sisi wengine hatuna. Akikuta moja imeingia upande usiostahili, huirudisha kabla ya kuendelea. Tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ianze mwaka 2007, daraja la korosho hubadili bei, hivyo kazi hiyo si mchezo wa kumpumbaza. Ghalani kwenyewe simpeleki, kwa kuwa kelele za malori humfanya azibe masikio na kulia.

Pia humtuma katika duka moja tu, saa ileile, akiwa na fedha na picha ya anachokwenda kununua. Nilimwomba mzee wa duka asimharakishe wala asimlazimishe kumtazama usoni. Siku hizi mwanangu husema, "Shikamoo, babu," macho yakiwa kwenye mizani, naye huitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha anasubiri picha itolewe mfukoni.

Nyaraka nazo zisisubiri: cheti cha kuzaliwa sasa, na kitambulisho cha taifa akifikisha miaka 18. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu, na katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huikopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, asilimia 2 ni ya wenye ulemavu. Huku kwetu waajiri wakubwa ni wachache, kwa hiyo mimi naitegemea zaidi mikorosho, na sehemu ya mwanangu nimeiandikisha mbele ya mashahidi.

Linalobaki ni gumu zaidi, yaani nani atakaa naye nikifa. Wengi humwachia dada mtu bila hata kumuuliza, ilhali naye ana maisha yake. Kwa sisi Wamakonde mjomba ana neno kubwa katika mambo ya mtoto, basi nilimwita kaka yangu tukazungumza waziwazi, akakubali. Nimemwomba aanze sasa kwenda naye shambani kila Jumamosi, aijue njia anayoipenda mtoto na chakula asichokigusa, maana sitaki wafahamiane siku ya matanga yangu.