Haki "zimehifadhiwa", lakini kwa ajili ya nani?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi na wenzangu hapa Nairobi tunapiga skani vitabu vya Kiswahili visivyochapishwa tena, vingi tukivinunua kwa wauzaji wa kando ya barabara, ili tuviweke mtandaoni visipotee. Kwenye kurasa za mwanzo tunakuta "Haki zote zimehifadhiwa". Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba kuhifadhi ndiko tunakofanya, basi hatujavunja chochote. Je, lugha inamuunga mkono? Na wingi wa hakimiliki ni mahakimiliki? – Msomaji, Kariokor

JIBU: Sijambo. Mwenzenu ana ulimi wa wakili, ila sarufi imemponyoka. Tazameni kitenzi: zi-me-hifadhi-wa. Hiyo zi- ni ya haki. Kingekuwa kitabu, tungesoma "kimehifadhiwa". Kinachotajwa hapo ni mamlaka ya kunakili na kuuza, nayo amewekewa mwenye kazi. Karatasi zenyewe zaweza kuliwa na mchwa zikaisha na sentensi ikabaki kweli.

Simlaumu sana, maana hifadhi ni kitenzi chenye mizigo mingi. Twahifadhi Kurani moyoni, twahifadhi ndovu Tsavo, twahifadhi nyaraka za taifa katika lile jengo la Moi Avenue ambalo wana-Nairobi wengi wanalijua kama mahali pa kukutania tu. Kote huko, kinachohifadhiwa kinaepushwa na kupotea au kuangamia. Katika tangazo la kitabu hakuna kilichokuwa kikipotea. Haki zimezuiliwa zisitumiwe na wengine. Mimi nisingetumia kitenzi hicho pale. "Haki zote ni za mwandishi na mchapishaji" ingetosha, na mwenzenu angekosa pa kushika.

Isitoshe, hata kitabu kisicho na maneno hayo kina kinga. Kenya iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi na wasanii, mwaka 1993, na chini ya mkataba huo hakimiliki haingoji tangazo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 zaidi, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Kazi za aliyefariki 1970 ziko huru tangu 2021. Za aliyefariki 1990, ngojeni hadi 2041 au tafuteni warithi wake. Kitabu kuadimika madukani hakupunguzi muda huo hata siku moja.

Kwa hiyo msijifiche nyuma ya "kuhifadhi". Semeni mnachofanya: kunakili, kutunza, kuazimisha, kusambaza. Internet Archive ya Marekani ilipiga skani vitabu na kuviazimisha bure mtandaoni. Wachapishaji wakaishtaki, na Septemba 2024 mahakama ya rufaa jijini New York ikaamua kwamba uazimishaji huo ulikiuka hakimiliki. Kwenye tovuti yenu, kitabu ambacho muda wake umekwisha kiandikieni "Tumekinakili na tunakitunza". Kilicho na mwenyewe, andikeni kimewekwa kwa idhini ya nani. Kama hamna jina la kuandika hapo, kisipande mtandaoni.

Ama wingi: hakimiliki ya kitabu kimoja, hakimiliki za vitabu vingi. Neno ni moja, huandikwa pamoja, na halibadiliki umbo. "Mahakimiliki" lifuteni, mtu atadhani mnazungumzia mahakimu wenye mashamba.