Muamala wa Kwanza wa Asubuhi Unakwama: Tufanyeje?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kisumu. Ninasimamia kompyuta za chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu hapa mjini na matawi Bondo na Mumias. Kila tawi lina hifadhidata yake ya PostgreSQL, na mwanachama anapohamisha fedha, programu yetu ya Java iliyo kwenye seva ya Linux hapa Kisumu huratibu muamala katika seva zote zinazohusika. Kila asubuhi muamala wa kwanza wa kwenda Bondo hukwama kwa takriban robo saa, kisha hukataliwa. Ukirudiwa hupita, na siku nzima hatusumbuki tena. Ping, ile amri ya kupima kama seva inafikika, hujibiwa wakati wote. Isitoshe, juzi tuliizima na kuiwasha seva ya Kisumu katikati ya kazi, na tangu hapo akaunti moja ya Bondo haikubali badiliko lolote, hata baada ya kuiwasha upya seva ya huko. Tufanyeje?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo robo saa uliyoitaja ina maana kubwa. Kama PostgreSQL ya Bondo ingekuwa imezimwa huku kompyuta yenyewe ikiwaka, kwa kawaida jibu la kukataliwa lingerudi papo hapo. Kukwama kwa muda mrefu huonyesha kwamba pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zinatumwa na hakuna anayezijibu: Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, huirudia pakiti isiyothibitishwa mara 15, ikirefusha kusubiri kila mara, na hukata tamaa baada ya sekunde 925 hivi, yaani robo saa yako.

Ninaamini kwamba muunganisho unaotumika asubuhi ulifunguliwa jana na kulala kimya usiku kucha. Ruta au fayawoli (kifaa cha ulinzi wa mtandao) iliyo njiani huweka orodha ya miunganisho inayopita kwake, na muunganisho usiosema kitu kwa muda hufutwa bila upande wowote kuarifiwa. Waraka wa kanuni za intaneti, RFC 5382 wa mwaka 2008, unavitaka vifaa vinavyotafsiri anwani visiufute muunganisho wa TCP uliokwisha kukamilika kabla haujakaa kimya kwa muda wa saa 2 na dakika 4, lakini vifaa vingi havina subira hiyo, na usiku ni mrefu kuliko muda huo hata hivyo. Dereva ya JDBC ya PostgreSQL, inayoiunganisha programu ya Java na hifadhidata, nayo haiwashi tcpKeepAlive (salamu fupi za kupima kama muunganisho uliolala ungali hai) isipoagizwa, kwa hiyo programu yako hukaa ikiamini kwamba njia ingali wazi. Ping haiwezi kulifichua jambo hili kwa sababu haipiti katika muunganisho ule wa jana.

Lithibitishe kabla ya kubadilisha chochote. Asubuhi, wakati muamala umekwama, endesha tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, pande zote mbili: ukiona Kisumu inarudia pakiti ileile na Bondo haipokei kitu, kifaa cha njiani ndicho kinachozimeza. Kisha washa tcpKeepAlive katika dereva na, kwenye seva ya Kisumu, punguza net.ipv4.tcp_keepalive_time kutoka sekunde 7200 hadi 300, maana kuiwasha bila kuupunguza muda huo ni kusubiri kwa muda wa saa 2 kabla ya salamu ya kwanza kutumwa. Vilevile, agiza miunganisho iliyohifadhiwa ifungwe na kufunguliwa upya kabla ya kufikia umri ambao fayawoli huvumilia.

Akaunti iliyofungika ni jambo zito zaidi, na hapa ninakuomba usiharakishe. Muamala wa namna hii huenda kwa awamu mbili: kwanza mratibu, yaani programu yako ya Kisumu, huuliza kila hifadhidata kama iko tayari, kisha hutoa uamuzi. Hifadhidata iliyokwisha kusema iko tayari ni kama mdhamini wa mkopo aliyekwisha kutia sahihi: haiwezi kujitoa yenyewe, huendelea kuifunga akaunti inayohusika hadi uamuzi ufike, na ahadi yake imeandikwa kwenye diski, ndiyo maana kuiwasha upya seva ya Bondo hakukusaidia. Muamala huo utauona katika pg_prepared_xacts, orodha ya PostgreSQL ya miamala inayosubiri uamuzi, pamoja na saa ulipoandaliwa na hifadhidata unakohusika.

Anayeujua uamuzi ni mratibu wa Kisumu. Kwa kawaida, akiwashwa husoma kumbukumbu zake na kuimaliza miamala iliyobaki. Kwa kuwa hakufanya hivyo, chunguza kama folda ya kumbukumbu ingali mahali pake, na kama jina la mtumiaji ambalo mratibu hulitumia kuingia Bondo ndilo lililouandaa muamala, kwani PostgreSQL humruhusu mtumiaji huyo au msimamizi mkuu peke yake kuumaliza. Ukilazimika kuumaliza kwa mkono, tafuta kwanza uamuzi katika kumbukumbu hizo. Ikiwa umeandikwa kwamba ukamilishwe, tumia COMMIT PREPARED; ikiwa kumbukumbu ni nzima na hakuna uamuzi wowote ulioandikwa, kanuni ya XA, utaratibu wa miamala ya hifadhidata nyingi, ni kutangua, kwa ROLLBACK PREPARED. Kumbukumbu zikiwa zimepotea, linganisha kwanza salio la mwanachama Kisumu na lile la Bondo, mbele ya mhasibu, kwa sababu ukikisia vibaya fedha zitatoka upande mmoja bila kuingia upande wa pili, na anayeumia ni mwanachama aliyewaamini. Hadi hapo, mpeni maelezo ya kweli kuhusu akaunti yake, na msiizime tena seva ya Kisumu muamala unapokwama.