Albamu ilitangulia filamu

Umeuliza kipi kilitoka kwanza, albamu ya MartyrLoserKing au filamu ya Neptune Frost. Albamu ndiyo ya kwanza, mkuu, tena imeitangulia filamu kwa miaka 5. Saul Williams, mwanamuziki na mshairi wa Marekani, alitoa MartyrLoserKing mwaka 2016. Filamu, aliyoiongoza na mkewe Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 2021. Jina la albamu ndilo analojiita mdukuzi wa kwenye hadithi, kwa hiyo vyote ni mradi mmoja. Williams aliwahi kuuwaza hata kama mchezo wa jukwaani.

Ila usichanganye na albamu nyingine, Unanimous Goldmine ya 2022. Hiyo ndiyo yenye nyimbo za filamu yenyewe, na ndiyo ninayoirudia kila wiki.

Filamu mimi nimeitazama mara nne. Hadithi iko Burundi lakini walipiga picha Rwanda, na humo utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, mtu anaruka kutoka lugha moja hadi nyingine kama tunavyoongea wenyewe. Ile sehemu ya mgodini mwanzoni, kijana anasimama kuangalia jiwe la koltani (madini yanayotumika kwenye simu na kompyuta) alilolichimba, mlinzi anampiga na kumwangusha chini, bado inanishika koo. Halafu angalia mavazi yaliyobuniwa na Cedric Mizero: nyaya na vipande vya kompyuta kuukuu vimeshonwa mpaka vinaonekana kama vito. Madini yaleyale yaliyochimbwa kule mwanzo, yamerudi mwilini mwa watu.

Tafuta spika nzuri kabla ya kuianza filamu, ngoma zake simu haiziwezi.